Michembe Bila Karanga

Jumamosi, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mawingu yalikaa juu ya Runzewe tangu asubuhi, mazito, lakini mvua haikunyesha. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa kutoka upande wa Geita, basi, ikaishia hapo. Nilianika michembe uani ingawa jua halikuonekana, kwa sababu imeanza kuingia wadudu.

Michembe hii aliikata mama yangu huko Samuye. Kwetu viazi vitamu vinakatwa vipande vikiwa vibichi, vinaanikwa juu ya mawe mpaka vinakuwa vikavu na vyeupe, na ikikatwa vizuri inakaa mpaka mavuno mengine. Mama alisifika kwa kukata. Vipande vyake vyote vilikuwa na unene mmoja, wanawake wa jirani walikuwa wanakuja kumtazama mikono. Mwaka huu nilipofungua kiroba alichompa kondakta aniletee, nilikuta vingine vinene kama kidole gumba na vingine vyembamba mpaka vinavunjika ukivigusa. Vile vinene havikukauka ndani, na ndimo walimoingia wadudu. Nilijua jicho lake limefika wapi kabla hajaniambia mwenyewe.

Jicho la kwanza lilikwisha mwaka jana. Hospitali walikompeleka walisema la pili linafuata, na halirudi. Anakaa na kaka yangu, na kaka ndiye mwenye simu. Siku moja mwezi wa tisa kaka akampa simu aongee nami.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kikwetu.

"Mwangaluka. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Sasa njoo nikutazame," akasema. "Naona kama mtu aliyekaa jikoni na kuni mbichi. Moshi mtupu. Lakini mtu akisogea karibu kabisa, namwona. Njoo wakati bado nakuona."

Nikasema nakuja. Na mpaka leo asubuhi nilikuwa bado niko hapa.

Nataka niandike kwa haki kwa nini sikwenda, maana mtu akisoma anaweza kudhani nilifungiwa. Hakuna aliyenifungia. Nauli ninayo, iko kwenye kopo la chumvi, niliipata kwa kuuza maandazi. Basi la Kahama linapita hapo barabarani, ukifika Kahama unapanda gari la Shinyanga, na jioni uko Samuye. Mlango wa nyumba hii hauna hata komeo linalofunga sawasawa.

Ila mama mkwe wangu nyonga imemharibika. Anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, na kiti chake kinakaa pale mlangoni. Hawezi kuinama kwenye mafiga. Hajawahi kunitukana, sijui kwa nini naandika hili lakini naona nisipoliandika nitakuwa nimemwonea. Binti yake, wifi yangu, yuko Nyasubi kule Kahama, ana meza yake ya nguo sokoni. Akiifunga wiki mbili, wateja watahamia kwa mwingine, na watoto wake nao wanakula kwenye meza hiyo. Mume wangu yuko porini Geita, anachimba. Kwa hiyo wa kumpikia bibi na watoto wangu wawili ni mimi.

Mume wangu aliposikia habari ya mama yangu hakukataa. Alisema, "Utakwenda. Nikileta gunia la unga, utakwenda." Na ni kweli, unga ungetosha kunitoa. Ukiwepo unga, binti wa jirani anaweza kuja jioni kusonga ugali, akachuma mchicha, akaenda zake. Lakini unga haukuwepo. Mvua ya msimu uliopita ilikatika mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele, tukavuna magunzi. Kilichobaki ndani kilikuwa vitu vya kuunganishaunganisha, na kuunganisha kwake anakujua aliyevizoea.

Nikitaja vilivyokuwemo: udaga kidogo, yaani muhogo ule wa kuvundika, michembe ya mama, nsansa, ndiyo majani ya kunde niliyoyakausha mwenyewe wakati wa kunde, maharage ya kuokoteza, karanga kwenye kopo, na mfuko wa dagaa ambao ulibaki vichwa na vumbi. Mtu wa nje akiangalia atasema hapa hakuna chakula. Mimi niliviona kama watu wa ukoo mmoja wenye tabia mbalimbali. Maji ya maharage sikumwaga. Niliyaweka mpaka siku ya pili nikapikia nsansa, kwa sababu yana uzito na yanaua uchungu wa majani. Vichwa vya dagaa nilivikaanga bila mafuta, nikavitwanga na chumvi, ikawa unga wa kunyunyiza juu ya chochote. Ugali ukibaki niliukata vipande, asubuhi nikauchoma kwenye makaa, watoto wakala na chai ya rangi. Ukoko wa sufuria niliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, ukarudi kuwa uji. Michembe mizuri nilichemsha na karanga, mibovu nilipepeta, nikatwanga, nikachekecha, nikachanganya na udaga, ugali ukatoka wenye utamu kidogo. Mtoto wangu mdogo aliniuliza kama nimetia sukari.

Sijui kama huu ni ujuzi. Shule niliishia darasa la saba, na hapo hakukuwa na somo la ukoko. Nafikiri ni woga tu. Nilikuwa naogopa sauti ya ungo unapokwangua sakafu ya kihenge kitupu.

Na nilichelewa kuona kilichokuwa kinatokea. Kila nilipofanya chakula kisogee wiki moja mbele, nilijisogeza na mimi wiki moja. Mama mkwe akawa anawaambia watu wanaokuja kumjulia hali, "Huyu mkamwana wangu, bila yeye tungekuwa tunatafuna kuni." Wanacheka, wananitazama, na mimi nacheka. Usiku mmoja nilimwambia, "Mama, ningependa niende kwetu, hata siku chache."

Akasema, "Mwanangu, sikukatalii. Lakini ukienda, mimi na hivi vikopo vyako tutatazamana."

Hakusema kwa ubaya.

Mwezi wa kumi akaja mgeni. Ni mchimbaji mwenzake mume wangu, alikuwa anapita kwenda kwao, akatumwa atusalimie. Alibisha hodi saa za mchana, hana mzigo, amekaa barazani anajipepea na kofia. Mimi nikaingia jikoni nikasimama.

Hapa ndipo nilipokosea, na mpaka leo sijui ningefanyaje. Mgeni ametoka kwa mume wangu, atarudi kwa mume wangu. Akila vibaya, atakwenda kusema kule kambini kwamba jamaa yetu nyumbani kwake kuna njaa, na mwanamume atatembea kati ya wenzake ameinamisha kichwa. Mwanamke yeyote wa huku angefanya nilichofanya. Nilitoa karanga nikazitwanga zote isipokuwa konzi moja. Nilipika nsansa kwa maji ya maharage ya jana, nikatia karanga, nikaacha zichemke mpaka mafuta yakapanda juu. Nilisonga ugali wa udaga na michembe, laini. Juu nikanyunyiza unga wa vichwa vya dagaa.

Alikula, kisha akaanza kulamba vidole.

"Shemeji, kumbe huku mna sherehe! Sisi kule mpishi wetu akijitahidi sana ni dagaa na nyanya."

"Karibu tena," nikasema.

"Nitarudi nikiwa na njaa zaidi."

Mama mkwe pale mlangoni akafurahi, na mimi nikafurahi. Siwezi kusema uongo, nilijisikia mtu.

Baada ya siku chache mume wangu akapiga simu, anacheka. "Nasikia mnakula nyama."

"Nyama gani? Yalikuwa majani ya kunde."

"Jamaa amesema hajawahi kula vile tangu azaliwe."

"Baba, ndani hakuna kitu. Alikula karanga zetu za mwezi mzima."

"Mama watoto, kama majani ya kunde yanamlambisha mtu vidole, basi unga unaweza kungoja kidogo. Nilichokuwa nacho nimenunulia matimba."

Matimba ni magogo wanayosimamisha ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia, ili udongo usiwaangukie. Ningesema nini? Asinunue magogo, anunue unga, udongo umfukie? Nikasema, "Sawa." Nikampa mama yake simu waongee. Nilitoka nje nikachambua majani ambayo nilikuwa nimeshayachambua.

Tangu siku ile nilipika kama mtu anayeziba mtumbwi unaovuja. Kaka yangu alipiga mara mbili. Mara ya pili hakuuliza nakuja lini.

Sasa nirudi leo.

Mchana nilikuwa uani nageuza michembe nikasikia sauti za wanaume barabarani, na ya mume wangu ikiwemo. Niliisikia moyoni kabla ya masikioni. Nikasema unga umekuja. Nilishaanza kufikiria nguo gani nitakunja kwanza.

Walikuja watatu, miguu myeupe kwa udongo wa machimboni uliokauka. Yule mgeni wa mwezi wa kumi alikuwepo, na mwingine mfupi nisiyemjua. Mume wangu alibeba koleo na begi lake. Gunia halikuwepo. Niliangalia nyuma yao kama labda kuna bodaboda inafuata.

"Shikamoo mama," wakamwamkia mama mkwe mmoja mmoja.

"Marahaba, wanangu. Mbona wote kwa pamoja?"

"Duara limejaa maji," mume wangu akasema. "Kule imenyesha siku mfululizo. Tunangoja yapungue. Hawa nimesema wapumzike hapa, kesho waendelee kwao."

"Nilimwambia huyu mwenzetu huku ndiko kwenye chakula," akasema yule mgeni, na kunitazama mimi kama mtu anayeleta zawadi.

Nikaingia jikoni. Mama mkwe akanifuata, akijishikilia ukutani, jambo ambalo huwa halifanyi. Akasema kwa sauti ya chini, "Karanga zipo?"

"Konzi moja."

"Na nsansa?"

"Ipo ya kupika mara moja."

Akaniangalia, akarudi kwenye kiti chake bila kusema nipike nini.

Nilifungua kopo. Zile karanga nilikuwa nimeziweka kwa safari, nimpelekee mama, maana yeye hupenda michembe yake yenye karanga. Nilizimimina kiganjani. Nilijua kabisa ninaweza kuwapikia watu wale wakalamba vidole tena. Ningeponda hiki, ningechekecha kile, ningetumia maji ya maharage yaliyokuwa kwenye sufuria pale pale. Mikono ilishaanza kuelekea kwenye kinu.

Nikazirudisha kwenye kopo. Nikachukua michembe kama ilivyo, minene na myembamba, nikaiosha, nikaichemsha kwa maji na chumvi. Nikaipakua. Sikuchagua mibovu kwa bidii. Sijui kama ilikuwa haki kuwafanyia wageni hivyo, na yule mfupi hakuwa na kosa lolote, ndiyo kwanza namwona. Lakini ndicho kilichokuwemo ndani ya nyumba. Nilitaka kionekane siku moja bila mimi kukivalisha nguo.

Nikawapelekea barazani, nikakaa karibu na kiti cha mama mkwe na watoto, sahani yetu ikiwa na kitu hicho hicho.

Walianza kula. Yule mgeni akatafuna, akageuza kipande, akakitazama.

"Shemeji, leo mpishi amesafiri?"

"Kula, bwana," mwenzake mfupi akasema.

"Nauliza tu. Njia nzima nimewasifia, sasa wadudu wananitazama kutoka kwenye sahani."

Mama mkwe akajibu kutoka mlangoni, "Hao ndio nyama mliyosema mlikula huku."

Mfupi akapaliwa kwa kicheko. Mume wangu hakucheka. Alikuwa anatazama michembe, kisha akanitazama, kisha akatazama sahani ya watoto.

"Mama, usikasirike," akasema mgeni. "Angetuambia tu. Tungemwachia huyu mwanao jiko, kwani kule nani anatupikia?"

"Nani?" mama mkwe akauliza.

"Si huyu! Zamu zipo, lakini sisi wengine tukipika watu wanaugua. Tangu mwaka juzi sufuria ni yake. Huyu akiona ukoko, kwake ni mboga ya kesho."

"We, acha maneno," mume wangu akasema.

"Maneno gani? Juzi ulipika maganda ya viazi tukadhani ni maini!"

Walicheka wote wawili, na watoto wakacheka kwa kuwa baba yao ametaniwa. Mimi nilishika kipande cha michembe mkononi sikukitia mdomoni. Miaka yote hii sijawahi kumwona akiinua hata kifuniko.

Mama mkwe hakucheka pia. Akamwita mwanawe kama anavyoita mtoto aliyechelewa kutoka shule.

"Unajua kupika nsansa?"

"Mama..."

"Nimekuuliza."

"Najua kidogo."

"Na ugali wa udaga?"

"Mama, watu watasikia."

"Watu gani? Watu ni hawa, na wao ndio wametuambia." Akasogeza mguu wake mbaya kwa mkono. "Duara lako litakauka lini?"

"Wiki mbili. Labda zaidi, mvua ikiendelea."

"Basi mwenzio aende kwa mama yake."

"Unga sijaleta, mama."

"Na yeye alikuwa hana."

Yule mfupi akaanza kula kwa haraka, nadhani ili asionekane anasikiliza. Mume wangu akaweka sahani chini akaingia ndani. Nikasikia anafungua vikopo kimoja baada ya kingine, na mfuniko wa kihenge, na ungo ukikwangua chini.

Nilimfuata baadaye kidogo. Alikuwa amechuchumaa na kopo la vichwa vya dagaa mkononi, ananusa.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa mdomo. Yule aliniambia kwa tumbo lake."

Ni kweli, na sio kweli. Nilitaka kumuuliza na yeye mbona hakuniambia kwamba anapika, na nikakumbuka kwamba sijawahi kumuuliza, wala mimi sikuwahi kufikiri kuwa kuna la kuuliza. Kwa hiyo nikamwonyesha mahali nilipoweka nsansa, na sufuria ya maji ya maharage. Akasema kambini wao michembe yenye wadudu wanaitandaza kwenye kikaango cha moto bila kitu, wadudu wanatoka wenyewe wanakimbia. Sikuwa ninajua hilo. Mwezi mzima nimepepeta mpaka mabega yanauma.

Simu ya nyumbani haikuwa na salio, nikaomba yake, nikampigia kaka.

"Mwambie mama nakuja kesho."

"Nitamwambia. Atafurahi. Dada, ila ujue, jana nilisimama mbele yake akauliza ni nani, mpaka niliposema."

"Mwanga uliingia vizuri?"

"Ilikuwa mchana."

Nikasema kesho nitakuja nikae karibu kabisa. Nilipokata simu nilihesabu moyoni, mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, na nikaacha, kwa sababu kuhesabu hakukunisaidia na sikujua kosa nimwandikie nani. Mume wangu alinunua magogo yasimwangukie. Mama mkwe hawezi kuinama. Wifi ana meza yake. Yule mgeni alikula alichopewa na akasema ukweli. Na mimi nilipika vizuri. Nikiwapanga wote hivi sioni wa kumnyooshea kidole, na bado jicho la mama limekwenda wakati sisi tunakula.

Nimefunga begi. Nguo mbili, kitenge cha mama, na kipande kimoja cha michembe minene, sijui kwa nini. Nitasema nini nikimpa? Mama, ulikata vibaya? Labda nitakitupa huko njiani. Begi lipo karibu na mlango na kila nikipita nalitazama kama limekwishaondoka bila mimi. Mawingu yameshuka. Ikinyesha usiku, barabara ya hapa inaweza kuharibika, na mabasi ya asubuhi yanachelewa au hayaji kabisa. Mama mkwe amesema ataliombea hilo pale pale kwenye kiti chake, kwa sababu kanisani hawezi kufika.

Jioni mume wangu alipika. Alifunga mlango wa jiko wageni wasimwone, nao wakawa wanamwita kupitia dirishani, "Mpishi, maini yameiva?" Tulikula michembe iliyobaki mchana, ameiponda kwenye maji ya maharage na nsansa yote iliyokuwepo, na karanga za mama yangu, konzi lote, hakuniuliza. Chumvi ilizidi. Mama mkwe alimaliza sahani yake akaomba iongezwe.